Heshima ya Meza

Nchi ya Ushwari haimo kwenye ramani yoyote, na wenyeji wake wanasema kosa ni la ramani. Ni nchi nzuri. Tangu ipate uhuru haijapigwa na dhoruba hata siku moja. Kweli, paa la uwanja wa taifa liliwahi kuruka siku ya gwaride likatua sokoni juu ya wauza dagaa. Lakini utabiri wa siku ile ulisema upepo mwanana, na utabiri ulikuwa umekwisha kutiwa saini. Kwa hiyo lililofikishwa mahakamani ni paa. Lilipatikana na hatia ya kuondoka mahali pa kazi bila ruhusa.

Aliyeuandika utabiri ule alikuwa kijana wa Idara ya Anga na Utulivu, jina lake Mahfudhi Kingwande. Watu walidhani atakiona cha mtema kuni. Wapi! Alipandishwa cheo, maana wakubwa walisema kijana huyu ana adabu, hataki kumshtua mtu. Miaka imepita, na sasa ni Mkurugenzi Msaidizi. Ana kitambi cha wastani, ana kiti kinachozunguka, na ana desturi aliyoiasisi mwenyewe, ambayo siku hizi inafundishwa chuoni kwa jina la heshima ya meza.

Desturi yenyewe si ngumu. Upepo ukishapimwa kituoni hupanda kwa mpokezi, ukatoka kwa mpokezi ukaenda kwa Mkurugenzi Msaidizi, kisha kwa Mkurugenzi Mkuu, kisha kwa Waziri, ndipo usomwe redioni. Kila meza inayoupokea huupunguza theluthi, kama mgeni avuavyo viatu mlangoni. Huo si uongo. Waushwari hawasemi uongo. Ni kwamba haipendezi mtu mzima kumpelekea mkubwa wake upepo mzima mzima, kana kwamba anamtisha. Mwelekeo nao hurekebishwa. Upepo unaoelekea mashariki, kwa majirani tusiosalimiana nao, hugeuzwa uelekee magharibi alikozaliwa Rais.

Na wananchi je? Wananchi hawana neno. Mtangazaji akisema "upepo mwanana", wanawake hutoka kuanua nguo kambani. Akisema "upepo mwanana sana", hufunga na mbuzi.

*

Mwaka wa Jubilei ya Utulivu, Rais alitamka kwamba maputo mawili makubwa yenye picha ya uso wake yavuke nchi, kutoka Tamalaki, mji mkuu, hadi mpaka wa magharibi, bila injini yoyote, ili dunia ione kwamba Ushwari hata upepo unafuata maelekezo.

Puto la kwanza, la kutangulia, alipewa Koplo Ndauka wa jeshi, mtu mwenye uzoefu mrefu wa puto lililofungwa kwa kamba kwenye maonyesho ya sabasaba. Puto la pili, lile la heshima, alipewa rubani pekee wa maputo nchini aliyesomea kazi hiyo. Huyo alikuwa Salha Kingwande, binti yake Mahfudhi, mtoto wake wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki.

Habari ile Mahfudhi aliipokea kwa fahari mchana kutwa. Jioni ilipomfika vizuri, aliisukuma sahani pembeni. Kesho yake mchana walikaa wawili juu ya sinia la wali na samaki wa kupaka, na Salha akaacha kula.

"Baba, nikuulize kitu. Ukinitabiria mimi, utatoa theluthi?"

Mahfudhi akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Puto halina usukani," Salha alisema. "Unajua hilo kuliko mimi. Anga ni nyumba ya ghorofa, kila ghorofa na upepo wake. Nikitaka magharibi nabaki ya kwanza, nikitaka kusini napanda ya pili. Kazi yangu yote ni kujua ghorofa gani ina upepo gani, na saa ngapi. Nisipojua, mimi si rubani, ni jani tu. Na mbele kuna Mikuki."

Mikuki ni milima. Wageni huiona mizuri.

"Nimezaliwa hapa, baba. Redio ikisema kumi na mimi naongeza. Lakini angani sitaki kubahatisha. Nataka neno lako wewe, siyo la Idara. Ukisema kumi, nitajua ni kumi, sitaongeza kitu."

"Haki ya Mungu, mama," Mahfudhi akasema, na mkono wake ukawa na masala ya samaki hata alipouinua kuapa. "Nitakupa mzima."

*

Siku moja kabla ya safari, Mahfudhi alikwenda mwenyewe kituo cha vipimo, jambo ambalo hakulifanya tangu apate kiti kinachozunguka. Akasubiri kile kiputo kidogo cha kupimia kirushwe, akasoma mwenyewe kilichorudi. Ghorofa ya kwanza, upole, magharibi. Ghorofa ya pili, kusini, haina ubaya. Ghorofa ya tatu, kilomita tisini kwa saa, moja kwa moja kwenye Mikuki. Na ule upepo wa juu ulikuwa unateremka ngazi. Mahfudhi aliwahi kuwa mtabiri hodari kabla hajawa mwenye adabu, na hesabu hakuwa amezisahau. Kesho saa tatu asubuhi ungekuwa ghorofa ya pili. Saa nne isingebaki ghorofa salama ila sakafu. Puto la Salha lilipangiwa kuruka saa tatu.

Akauchukua upepo ule bila kuupunguza hata punje, akaruka meza zote, akaenda kwa Waziri.

Mheshimiwa Profesa Kanali Dunstan Fumbwe hakuwa amewahi kuona upepo mzima maishani mwake. Aliutazama kama mtu aliyeagiza mishikaki akaletewa ng'ombe.

"Kingwande. Upepo huu nani kauruhusu?"

"Haukuruhusiwa, Mheshimiwa. Umekuja."

"Umekuja!" Waziri alisimama, akafunga kifungo cha koti, maana hata kwa msikilizaji mmoja alikuwa hahutubii koti likiwa wazi. "Sasa nisikilize. Taifa hili haliwezi kurudishwa nyuma na hewa. Hewa ni nini? Ni kitu kisicho na rangi, kisicho na anwani, kisicho na kadi ya chama! Wazee wetu walipigania nchi hii hewa ikiwepo, na haikuwasaidia. Leo mtu nimpigie Rais simu nimwambie, Mtukufu, sherehe imeahirishwa, hewa imekataa?"

"Mheshimiwa, kuna watu ndani ya vikapu."

"Asiyesikia la mkuu, Kingwande?"

"Huvunjika guu, Mheshimiwa."

"Ahaa." Waziri akaketi, akatulia, na uso ukaingiwa na wema. "Lakini serikali hii ni sikivu. Utapanda puto la kwanza, wewe mwenyewe, pamoja na Koplo. Mtaruka nusu saa kabla ya binti yako. Ukiona hatari, sema. Ukisema ni hatari, puto la pili haliruki. Nani atasema hatukusikiliza wataalamu?"

Safari ile Waziri aliitoa kama adhabu. Mahfudhi aliipokea kama sadaka. Nusura ambusu mkono. Maana sasa kati ya mwanawe na Mikuki kulikuwa na mdomo wake yeye, na mdomo wake ulikuwa tayari.

*

Asubuhi uwanja ulifurika watu, bendi na watoto wa shule waliovalishwa mawingu ya pamba. Maputo mawili yakasimama, nyuso mbili za Rais zikitabasamu kwa ukubwa wa nyumba.

Salha alimshika baba yake mkono pembeni ya kikapu. Simu yake ya upepo, ile isiyo na waya ya kusemea angani, ilikuwa kwenye puto lake, imetiwa lakiri na watu wa Usalama, kwa sababu rubani haruhusiwi kusema na mtu akiwa bado ardhini; chombo cha angani ni cha angani. Kwa hiyo alishika redio ndogo ya betri, kama raia yeyote.

"Watakuwa wakisoma taarifa zako redioni," alisema. "Neno lako tu nitalingoja, baba."

"Nikisema usiruke, usiruke."

"Siruki."

Vipimo vya jana hakumtajia, asimtie hofu bure; aliona neno la huko juu litatosha. Mahfudhi akapanda na redio yake ya betri kwapani. Koplo Ndauka akapiga saluti kwa uso wa Rais, akafungulia moto wa gesi, na ardhi ikawaacha.

*

Ghorofa ya kwanza iliwapokea kwa upole. Ya pili nayo haikuwa na neno. Kisha wakatikiswa mara moja, kikapu kikalala upande, Mahfudhi akang'ang'ania kamba kwa meno na kucha, na mara kila kitu kikatulia tuli.

"Mzee," Koplo akasema huku akijifuta jasho, "mbona shwari kabisa? Hata moshi wa sigara haupepei. Utabiri wa redio ulikuwa sahihi."

Ndivyo ilivyo, na Mahfudhi alilijua tangu chuoni. Aliyebebwa na upepo hausikii upepo. Anakwenda nao. Alichungulia chini, akakiona kivuli cha puto kikiruka mashamba, kikiruka mto, kikiruka barabara, na lori lililokuwa mbele yao likabaki nyuma kabla hajamaliza kulitazama. Walikuwa wamenaswa na ghorofa ya tatu, tena chini ya pale alipoiacha jana. Ilikuwa inateremka haraka kuliko hesabu yake.

Akashika simu ya upepo. "Tamalaki, hapa puto la kwanza. Hatari! Kilomita tisini kwa saa, tunaelekea Mikuki, na upepo unashuka. Puto la pili lisiruke. Narudia, Salha asiruke."

"Nimekupata, Mkuu," akasema mpokezi.

Mahfudhi akashusha pumzi, akawasha redio ya betri. Wimbo wa Jubilei ulikatika katikati. "Wananchi, tunazo habari njema kutoka angani. Mkurugenzi Msaidizi Mahfudhi Kingwande, kwa neno lake mwenyewe, ameripoti upepo wa kilomita kumi na nane kwa saa, unaokwenda magharibi kwa hiari yake. Maandalizi ya puto la pili yanaendelea."

Kumi na nane. Hakuhitaji karatasi. Alizijua zile theluthi nne moja moja, na mtu aliyezitoa, na jinsi alivyozitoa. Kilichomchoma ni yale maneno matatu, kwa neno lake. Salha alikuwa pale uwanjani anayasikia. Na Salha alikuwa ameahidi kutoongeza kitu.

"Tamalaki! Mia tatu!" akapiga kelele. Kama meza zinapunguza, basi azijaze mpaka zishindwe. "Kilomita mia tatu! Kimbunga! Tunakufa huku!"

Koplo Ndauka akamgeukia, macho yamemtoka. Lakini haraka haraka haina baraka. Mahfudhi mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana kwamba upepo unaozidi mia moja si upepo, ni msisimko wa mpimaji, na huondolewa wote. Redio ikasema, "Furaha ya Mkurugenzi huko juu, wananchi, haina kipimo." Bendi ikapiga.

"Nipe Tindwa," Mahfudhi akamwambia mpokezi. "Aliyekalia meza yangu. Nipe yeye mwenyewe."

Tindwa alikuwa kijana wake. Alimchukua chuoni, akamwozesha, akamfundisha kazi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

"Shikamoo, Mkuu."

"Tindwa, mwanangu, usipunguze. Upeleke kama ulivyo."

"Mkuu, mimi sijafanya vibaya. Nimetoa theluthi tu. Kama ulivyonifundisha."

"Salha ataruka, Tindwa! Umekula kwake, umemwona anakua. Toka nje mwenyewe, kimbia uwanjani, mwambie asiruke!"

Mahfudhi alisikia kiti chake kikizunguka.

"Mkuu," Tindwa akasema taratibu, "taarifa haitoki kwa mpimaji kwenda kwa mtumiaji bila kupita mezani. Ni agizo lako, limebandikwa hapa ukutani juu ya kichwa changu. Nikilivunja leo, kesho nani atanitetea? Wewe uko angani." Akashusha sauti. "Na mimi nina watoto, Mkuu."

*

Puto lilipigwa tena. Safari hii ghorofa mbili ziligombana juu ya vichwa vyao, na kitambaa kikabonyea, shavu lote la kushoto la Rais likaingia ndani.

"Uso! Uso!" Koplo akalia, akipiga saluti kwa mkono mmoja na kufungulia gesi kwa mwingine. "Mzee, wewe ni shahidi, sikuugusa!"

Mikuki ilikuwa imekwisha kuonekana, myeusi mbele yao. Mahfudhi hakuitazama. Alikuwa amegeukia walikotoka, anaomba. Aliomba kuvunjike kitu, bendi, uzio, gesi ikatae, mvua inyeshe. Aliomba mwanawe awe mwoga. Kisha akaona, mbali, kitu kidogo chenye tabasamu kikipanda taratibu juu ya Tamalaki.

Simu ya upepo ikakoroma.

"Baba? Salha hapa. Wamenitolea lakiri. Nimesikia neno lako nikaruka. Bado niko ghorofa ya kwanza, naanza kupanda. Hebu niambie, huko juu kukoje?"

Hakukuwa na meza kati yao. Hakukuwa na mpokezi, wala Tindwa, wala Waziri. Palikuwa na hewa tu. Mahfudhi akabonyeza kitufe, akafungua mdomo, na haya ndiyo yaliyotoka:

"Ni sitini, mama. Si... si mbaya sana. Usiogope."

Aliposikia alichosema, aliachia kitufe kana kwamba kimemuunguza. Hakuwa na mkubwa wa kumwogopa pale. Alikuwa na mtoto wa kumwonea huruma tu, lakini ulimi wake haukujua tena tofauti.

Puto lile dogo likazidi kupanda.

"Sitini yako, baba," Salha akauliza, "au sitini ya upepo?"

Hapo Mahfudhi akalia kwa sauti, mbele ya koplo na mbele ya shavu la Rais. "Tisini! Ni tisini, mwanangu, na unashuka juu yako! Hakuna ghorofa iliyobaki, teremka, teremka sasa hivi! Niliwaambia wasikurushe, nimewaambia mara tatu!"

"Nashuka," akasema Salha. Hakuongeza neno.

Akaliona lile tabasamu la mbali likisimama, likisita, likianza kuzama. Likainama upande wa mashamba ya maharage, likaburutwa, likalala chini. Akangoja. Hakuwahi kungoja kwa muda mrefu kama ule.

"Niko chini. Nimechubuka mikono. Nimeng'oa maharage ya watu. Baba, ninyi je?"

Mahfudhi hakujibu, kwa sababu Mikuki ilikuwa imefika.

*

Mahfudhi Kingwande, aliyesikia la mkuu maisha yake yote, alivunjika guu. Kisha akavunjika la pili. Kikapu kilikwama kwenye ufa wa jabali, na uso wa Rais ukatanda juu ya miamba, umechanika vipande vinne vyote vikitabasamu.

Koplo Ndauka, aliyetoka na nundu tu, aliokota simu ya upepo. "Tamalaki! Tumeanguka Mikuki. Mkurugenzi amevunjika miguu yote miwili, anatoka damu. Leteni helikopta!"

"Nimekupata," akasema mpokezi.

Mahfudhi alilala chali, redio ya betri karibu na sikio lake, akaifuata taarifa ile akilini ikipanda ngazi. Kwa mpokezi, mguu mmoja. Kwa Tindwa, ambaye bila shaka alilia na bila shaka akatoa theluthi yake, mguu umeteguka. Kwa Mkurugenzi Mkuu, uchovu wa miguu. Akajua kitakachosomwa kabla hakijasomwa.

"Wananchi, safari imefana! Mkurugenzi Msaidizi Mahfudhi Kingwande ameketi juu ya Milima ya Mikuki akipumzisha miguu na kufurahia mandhari. Mheshimiwa Waziri ameguswa, na ameagiza apelekewe kiti."

Kiti kilitumwa siku ile ile, kwa njia ya posta.

Basi hakuna atakayekuja, Mahfudhi alifikiri. Jua lilikuwa kali, damu ilikuwa inamtoka, na Koplo alikuwa akikusanya vipande vya uso ili avikunje kwa heshima. Mahfudhi hakumlaumu mtu. Nchi nzima ilikuwa imesikia kwamba yuko mzima na anastarehe, na aliyewafundisha kusema hivyo ni yeye.

Simu ya upepo ikakoroma.

"Baba, nimesikia redioni unapumzisha miguu."

Mahfudhi akafumba macho. "Ndiyo, mama. Kidogo tu."

"Usijisogeze. Wenye shamba wamewasha lori, na tumepakia kitanda cha kamba cha kukubebea. Mama mmoja hapa, redio ilivyosema mandhari tu, akaingia ndani kuchana shuka za bendeji." Lori likanguruma nyuma yake. "Ni yote miwili, siyo?"

Ulimi ulijikusanya, ukataka kuvua viatu mlangoni kama kawaida yake. Mahfudhi akauzuia kwa nguvu zake zote zilizobaki.

"Yote miwili, mwanangu," akasema. "Inauma sana. Na ninaogopa."